Barua ya Wazi kwa Kamishna Jenerali wa Magereza: Naomba Safu Moja Katika Kitabu cha Zamu

Kwa Kamishna Jenerali wa Magereza ya Kenya,
na kwa Katibu wa Idara ya Huduma za Urekebishaji,
Nairobi.

Afande,

Saluti niliirudisha stoo pamoja na sare na mkanda, kwa hivyo nakusalimu kiraia: hujambo, na poleni na kazi. Mimi ni sajini mstaafu. Nilitumikia Magereza miaka 29, katika jela nne, mbili za bara na mbili za pwani. Sitazitaja, maana baadhi ya ninaowasema humu bado wako kazini, na wengine bado wako ndani.

Nakuandikia kuhusu kitabu cha zamu.

Jioni ya jela unaijua. Saa kumi alasiri, watu wa nje wanaanza kufikiria chai, sisi tunafunga. Wafungwa wanachutama watano watano, askari anapita akihesabu migongo, mwenzake anaandika. Hesabu ikikataa, inarudiwa. Ikikubali, makufuli yanalia, funguo zinakwenda ofisini, na anayetoka anatia saini mbele ya anayeingia. Kitabu kina mahali pa idadi. Kina mahali pa waliokwenda kortini, waliolazwa hospitali, walioko segi, yaani vyumba vya kutengwa, walioachiliwa. Funguo zina mahali pake, pingu vilevile. Kwa miaka 29 sikuona mahali pa kuandika kwamba huyu wa wodi ya tatu leo mchana ameambiwa mtoto wake amekufa.

Nalisema hili kwa sababu lilitokea mikononi mwangu.

Alikuwa mahabusu, kijana fundi wa pikipiki, kesi yake ya wizi ikiahirishwa kila mara. Mchana huo kasisi alimwita kando akampa habari: mtoto wake wa pekee, wa miaka miwili, amezikwa jana. Nilimwona akirudi. Maharagwe yalipomfikia, aliisogeza sahani kwa jirani yake bila hata kuitazama. Nikasema moyoni, huyu ni wa kuangaliwa usiku. Saa kumi nikakabidhi vichwa 214, hesabu sawa, nikatia saini, nikaenda zangu. Sikumwambia mwenzangu neno. Sikusahau, afande. Haikunijia kabisa kuwa hiyo nayo ni sehemu ya kukabidhi. Kitabu hakikuuliza, nami nilifunzwa kujibu kinachoulizwa.

Usiku, konstebo wa zamu, kijana mwenye miezi minane kazini, akapita kuhesabu. Akamwita yule fundi. Kimya. Akaita tena, kimya. Mahabusu wawili watatu wakacheka, kicheko cha woga tu, lakini konstebo akadhani anachekwa yeye. "Unanijibu kwa macho?" Akaita wenzake, wakamtoa mtu nje, wakamkung'uta korido nzima. Walipomrudisha, wodi ikalipuka, sahani zikagongwa milangoni hadi saa saba usiku. Alfajiri wenzake walimkuta chooni na kipande cha blanketi shingoni. Walimwinua kwa miguu, akaishi.

Yule konstebo alihamishwa kwenda kaskazini. Fundi alipotoka hospitali alitiwa segi, eti kwa usalama wake. Mimi sikuulizwa lolote. Hesabu yangu ilikuwa sawa.

Siku hizi kitu kilichokosekana usiku ule kina jina: akili hisia. Nasoma kwamba wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walilieleza wazo hilo mwaka 1990, kwamba ni uwezo wa kuzitambua hisia zako na za mwenzako na kuziongoza. Sisi hatukuwa na jina. Tulisema tu, fulani anajua watu. Kila jela niliyofanya kazi ilikuwa na mmoja wa namna hiyo. Nilimfahamu koplo mmoja ambaye wodi ikichafuka aliitwa yeye kabla ya rungu. Alikuwa anaingia mikono mitupu, anapindua ndoo anaikalia, kisha anaomba maji ya kunywa kwa kikombe chao. Hicho kikombe ndicho kilichokuwa silaha yake. Mtu aliyekunywa maji yako huwezi kumrukia papo hapo, inabidi kwanza umsikilize. Baada ya nusu saa utawakuta wanabishana kuhusu mpira. Alistaafu akiwa koplo vilevile. Fomu ya kupandishwa cheo haikuwa na swali la ndoo wala kikombe.

Usije ukadhani nakuandikia kama mtakatifu. Asubuhi moja ya masika nilifika gwarideni na viatu vyenye matope, kwa kuwa njia ya laini zetu, nyumba za askari, ilikuwa imegeuka mto. Mkubwa akanitoa mbele ya vijana niliowafunza mimi mwenyewe, akanitukana mpaka akamtaja mamangu. Nikasimama wima, "Ndiyo, afande." Nikaingia jikoni kusimamia uji. Mzee mmoja, mfungwa wa miaka mingi, alikuwa amebeba debe akienda polepole, maana lilikuwa la moto. Nikamzaba kofi. Uji ukamwagikia mguuni mwake. Hakulia wala hakunitazama kwa hasira. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mwanawe, "Nani kakuudhi, afande?"

Swali hilo nilistaafu nalo. Kaka zangu hawakuwahi kuniuliza hivyo, wala mke wangu, Mungu amrehemu, ambaye alijua tu kwamba siku nyingine ni heri kuninyamazia. Aliyeniuliza ni mtu niliyemuunguza mguu.

Na hapo kuna jambo ambalo wakubwa huwa hawalioni. Mnapofikiria habari ya hisia jelani mnafikiri sisi ndio tunaopaswa kuwasoma wafungwa. Wao walikwisha kutusoma zamani. Hawana kazi nyingine. Wanajua afande gani mshahara wake umekwisha tarehe tano, nani kagombana na mkewe, nani ananuka pombe, nani anawaogopa. Kwa mlio wa buti wanajua zamu ya leo itakuwaje. Katika kuta zile zile, mwenye funguo hajui la mwenzake na asiye na funguo anajua lote. Simu ikiingia jelani, au bangi, mara nyingi mlango wake ni huo: mtu ameusoma udhaifu wa askari akaupapasa taratibu.

Sasa nirudi kwenye laini, kwa sababu kofi langu halikuanzia jikoni.

Nilipoajiriwa tulikaa familia mbili chumba kimoja, pazia la leso katikati. Mtoto wa mwenzako akikohoa usiku, unaamka wewe. Ukigombana na mkeo, mnagombana kwa kunong'ona, na mwenzako upande wa pili anajifanya amelala. Mambo ya mume na mke, niyaache. Kisha asubuhi unavaa sare, unaambiwa uingie ukawe mtulivu mbele ya watu mia mbili waliobanana wodini kuliko ulivyobanana wewe. Jela zetu zina watu zaidi ya 50,000, na nafasi yenyewe haifiki 40,000. Msongamano ule unapumuliwa na pande zote mbili za mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipokuja sera ya milango wazi, ya kuzifungua jela zionwe na watu wa nje, na hasa wakati wa Moody Awori akiwa Makamu wa Rais, wafungwa walipata magodoro na televisheni. Lilikuwa jambo jema, na nawaombea heri waliolifanya. Lakini nakumbuka maneno yaliyopita laini kwa laini: mfungwa anatazama mpira kwa televisheni, mimi natazama pazia. Halikuwa neno zuri, na halikupata wa kulijibu. Likachacha. Aprili 2008 askari wa magereza wakagoma kudai posho na makazi bora, jambo ambalo nilidhani nitakufa sijaliona. Serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza mgogoro ule. Na mwaka uleule, mwezi wa Novemba, Kenya nzima ikatazama video ya wafungwa wa Kamiti wakipigwa wakati wa msako.

Simwondolei mtu hatia. Aliyepiga kapiga. Miaka minane kabla yake, Septemba 2000, wafungwa sita waliohukumiwa kunyongwa walikufa katika jela ya King'ong'o, Nyeri, tukaambiwa walianguka wakitoroka, na hakuna askari mzoefu niliyekaa naye aliyeamini. Ninachosema ni kwamba nimewahi kuwa kwenye msako, najua unavyokuwa. Unaanza na woga. Askari kumi na wawili wanaingia penye watu mia, hawajui nani ana wembe. Woga ule hakuna anayekiri kuwa nao, kwa hiyo unageuka kelele, kelele inageuka rungu, na rungu la kwanza likishuka, wale kumi na mmoja hawataki kuonekana waoga. Laiti mtu mmoja mwenye cheo angesema kabla ya kuingia, "Najua mnaogopa, hata mimi naogopa, twendeni polepole," nusu ya mambo ya aibu yangebaki nje ya mlango. Sikuwahi kusikia sentensi hiyo kwenye gwaride lolote.

Kuna mwenzangu wa kike alinisimulia kazi moja ambayo sisi wanaume hatuijui. Sheria inamruhusu mtoto mdogo kukaa gerezani na mamake hadi atimize miaka minne. Siku ya kutimiza inafika. Jamaa wakikosekana, mtoto anapelekwa kwenye makao ya watoto, na lazima awepo wa kumtoa mikononi mwa mama. Ni askari. Siku hiyo alikuwa yeye. Alimbeba yule mtoto hadi langoni, mtoto amemshika kola ya sare kwa sababu anamzoea, alizaliwa akimwona. Akamkabidhi, akarudi, akapangusa machozi chooni. Saa nane akapangiwa kusimamia upekuzi wa wageni. "Nilikuwa mkali siku ile," akaniambia, "mpaka bibi mmoja akaniapiza." Aliyempangia upekuzi hakuwa mtu mbaya. Alitazama orodha akaona jina liko wazi.

Nawasikia wengine wenu mkisema: sajini amezeeka, anataka tuwabembeleze majambazi. Hata. Nimewatia pingu watu ambao sitamani hata jirani yangu mbaya akutane nao. Lakini niambieni, usalama ni nini? Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoweka Kamiti, jela yenye ulinzi mkali na kuta nene. Walikamatwa siku chache baadaye huko Kitui, na Kamishna Jenerali wa wakati huo akaondolewa. Ukuta ulikuwepo. Mtu anayetaka kutoroka hubadilika kabla hajatoroka: anagawa vitu vyake, au analala mapema ghafla, au anaacha kudai aliyokuwa akiyadai kila siku. Yapo mambo ambayo hayaonwi na kufuli. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, zinalisema wazi katika kanuni ya 76: askari afunzwe usalama unaotokana na kuwajua na kuzungumza na wafungwa, afunzwe kupatanisha na kutuliza kabla ya nguvu, afunzwe kutambua mapema mtu ambaye akili yake imeanza kuelemewa. Hayo wameyaandika watu wanaojua jela.

Na sisi tulichaguliwaje? Nilikimbia. Nikapimwa urefu. Nikafunguliwa mdomo nikakaguliwa meno kama ng'ombe wa mnadani, nikaambiwa nimefaulu. Ruiru, kwenye chuo cha Magereza, tulifunzwa gwaride mpaka nikaliota usiku. Sijutii, gwaride lilinipa mgongo. Ila hakuna aliyeniuliza: wewe ukidharauliwa unafanya nini? Swali moja tu, na uangaliwe uso ukijibu. Wapo wenzangu waliokuwa na meno kamili ambao hawakupaswa hata siku moja kupewa funguo za binadamu.

Basi ombi langu. Kwanza nikuombe usifanye: usituletee semina. Ninazijua. Hoteli ya Nyali, begi, kalamu, maji ya chupa, picha ya pamoja, na mtaalamu wa suti ambaye hajawahi kunusa wodi ya asubuhi. Wanaokwenda ni maafisa wale wale. Konstebo wa usiku habebwi na basi hilo.

Ninachoomba ni safu moja katika kitabu cha zamu. Iitwe unavyotaka, mimi ningeiita "wa kuangaliwa". Na dakika kumi za kukabidhiana, askari kwa askari, wakiwa wamekaa: leo nani kapata msiba, nani kafungwa miaka mingi kuliko alivyotarajia, nani kaachwa na mke kwa barua, nani ameacha kula. Maneno matano kwa kila jina yanatosha. Haigharimu shilingi. Askari atakayejua kwamba mwenzake wa mchana amemwachia mtu mwenye msiba, hatauita ukimya wa mtu huyo dharau.

Ninajua pia jinsi safu hiyo itakavyoharibika, kwa hiyo niseme mapema. Itageuzwa kitabu cha umbea. Atatokea mjanja wa kuandika nani anamchongea nani, na mnyapara, mfungwa msimamizi wa wenzake, atatafuta njia ya kukisoma. Kikifika hapo kichomeni. Kisihusishe kesi ya mtu, wala dini yake, wala kabila lake, wala alichosema juu ya afande fulani. Na kikae na funguo, chini ya mkono mmoja.

Safu hiyohiyo iwe na nafasi ya askari. Hapa ndipo najua utakunja uso. Lakini yule mwenzangu aliyemtoa mtoto, angeandikwa. Mimi wa viatu vya matope, ningeandikwa. Isiwe kwa adhabu: aandikwe ili siku hiyo apangiwe mnara, au lango la nje, mahali ambapo hashiki mtu. Mfungwa akifa wodini, zamu iliyomkuta itolewe siku hiyo, ikae na mtu wa kuzungumza nayo ambaye hapeleki ripoti kwa mkubwa wa jela. Tuna makasisi, tuna maimamu, tuna washauri wachache waliosomea. Askari hawendi kwao kwa sababu moja: kesho yake kila mtu anajua. Mlango wa mshauri ukiwa unatazamana na ofisi ya mkubwa, hautafunguliwa.

Uhamisho nao. Yule konstebo aliyehamishwa kaskazini alikwenda na kichwa kilekile na mkono uleule, kwa wafungwa wengine. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu aliyempiga alikuwa amefiwa. Nilikutana naye miaka kumi na tatu baadaye kwenye mazishi ya mwenzetu, nikamwambia. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Ulikuwa unajua?" Nikamwambia ndiyo. "Na hukuniambia?"

Sikuwa na jibu, afande.

Baada ya usiku ule nilinunua daftari la kurasa 96, la watoto wa shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nililibeba mfukoni mpaka likaisha, nikanunua jingine. Kila saa kumi, baada ya kutia saini kitabu chenu, nilimsomea mwenzangu changu. Wengine walinicheka. Mmoja aliniripoti, nikaitwa, nikaulizwa nani kaniruhusu kuweka kumbukumbu za serikali mfukoni. Nikasema si za serikali, serikali haikuziuliza. Nililala lokapu siku hiyo, nikatoka, nikaendelea.

Ninayo saba. Ukitaka kuona safu hiyo inavyofanya kazi, nitakuletea mwenyewe, nauli juu yangu. Nipe tu wiki moja niyapitie kwanza kwa mkasi, maana majina ya watu yamo.

Wako mtiifu,
Sajini wa Magereza (mstaafu),
Kilifi.